Jumapili Bei Hulala

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, taarifa ya habari inapokwisha, redio hunyamaza kidogo kabla ya muziki kuanza. Kimya chenyewe ni kifupi, mtu hukimaliza kwa kumeza funda moja la chai. Lakini katika mtaa ule watu bado wanakisikia. Kinyozi huacha kupangusa kioo. Fundi cherehani, aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano, hubaki ameushika hewani. Kisha muziki unaanza na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake bila kumtazama mwenzake.

Hapo ndipo ilipokuwa sauti ya Bwana Bei.

Mkewe, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kibaba, hawashi redio siku hizi. Kimya hicho humfikia tu kupitia ukuta wa fundi cherehani, na mara nyingine hujikuta amesimama katikati ya chumba, ufagio mkononi, akingoja bei ya unga. Haumii. Anasimama tu, kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa. Halafu anaendelea kufagia.

Kwa miaka mingi Bwana Bei alisoma bei za sokoni katika kituo kidogo cha redio, kwenye mji ulio karibu na mpaka, mji ambao malori ya nchi nne yalipita na kulala. Kila jioni makuli na makarani wa masoko walimpigia simu wakampa bei za siku: gunia la unga, dumu la mafuta, sukari, maharage, mchele. Masoko ya nyumbani kwanza, kisha ya nchi tatu za jirani. Asubuhi alizisoma. Hakuwa na mbwembwe wala utani. Wenzake walicheka na wasikilizaji, wakapiga kengele, wakaimba. Yeye aliingia, akasoma, akatoka. Ndiyo maana watu walimwamini. Mtaani walisema kwamba hata akija kutangaza kiama atakitangaza kwa kilo.

Zile nchi tatu alizipa majina ya wanyama, ila hayo aliyataja nyumbani tu, kwa mkewe. Ya kwanza aliiita Kobe, kwa sababu bei zake zilijongea kidogo kila mwaka, wala hukuhitaji kuamka mapema kuziwahi. Ya pili ilikuwa Mbuzi: ilipanda mlima, ikateleza kidogo, ikapanda tena. Ya tatu aliiita Panzi.

"Panzi ana nini?" Mama Kibaba alimuuliza jioni moja akichekecha unga.

"Anaruka. Za kule zinapanda kuliko zote, lakini hilo si neno, mtu huzoea kupanda. Shida ni kwamba hujui ataangukia wapi. Leo yuko juu ya paa, kesho yuko mtaroni."

"Si afadhali huyo anayeshuka? Kobe wako sijasikia hata siku moja karudi nyuma."

Bwana Bei alicheka. "Wewe mwanamke, ungekuwa na duka kule kwa Panzi, ungelala saa ngapi?"

Hakulijua hilo kwa kusoma vitabu. Alilijua kwa pumzi. Bei za Kobe alizimaliza kwa pumzi moja, macho yakiwa yamekwisha kwenda dirishani. Za Panzi ilimbidi asimame kabla ya kila tarakimu, maana ulimi wake ulitaka kusema ya jana. Na katika miaka yote ile hakuwahi kukutana na nchi ambayo bei zake zilikimbia huku zikiwa zimetulia. Anayekwenda pole hupita mstari ulionyooka, anayekimbia huyumba. Mahali bei inapojongea, kila mfanyabiashara anajua mwenzake ataongeza nini, naye huongeza hichohicho. Inapokimbia kila mmoja anakisia. Huyu anapandisha kwa kuiogopa kesho, yule anashusha kwa kuogopa mzigo kumfia mikononi, na serikali nayo leo inafunga bomba la noti, kesho inalifungua kwa sababu watumishi wanadai mishahara. Hapo ndipo panzi anapopatia miguu.

Nchi yao wenyewe haikuwa na mnyama. Haikuwahi kuhitaji. Bei zilikaa pale zilipo, na mwaka mpya ulipoingia zilisogea kidogo, kama watu wanaopishana kwenye benchi.

Kwa hiyo kituo kilikuwa na desturi yake. Bei za Jumatatu zilirekodiwa Jumamosi mchana, masoko yakifungwa. Jumapili wapiga simu hawakufanya kazi, fundi mitambo hakuja, na hakuna aliyekumbuka bei kusogea siku hiyo. "Jumapili bei hulala," walisema pale kituoni, nao wakaenda kulala. Ndipo kila Jumatatu asubuhi Mama Kibaba akawa na waume wawili, mmoja akisoma bei ya maharage kwenye redio juu ya kabati, mwingine akikoroma kitandani na mguu mmoja nje ya shuka.

"Wewe wa redioni," alikuwa akisema huku akimimina chai, "hebu mwambie huyu wa kitandani aamke. Chai inapoa."

"Mwache alale," wa kitandani angejibu kutoka ndani ya mto. "Mwenzake yuko kazini."

Duka la Mama Kibaba lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, na jina lake lilitokana na kipimo chake, kwani alikijaza hadi kikafanya kilima na hakupitisha kiganja juu. Alianza na gunia moja aliloachiwa na mama yake. Miaka ilipopita yakawa kumi. Ukimwuliza mtaji wake ni kiasi gani hakukutajia fedha, alikuambia, "Magunia kumi na friji." Friji lilikuwa la soda na maji baridi, lilinguruma usiku na mchana, na yeye alisema ndilo mtoto wao, maana linakula umeme na halishibi. Mtoto mwingine hawakupata. Duka ndilo lilikuwa uzao wake, na kila alichokifanya tangu alfajiri alikifanya ili magunia yale yasipungue.

Kila asubuhi alisikiliza bei ya jumla ya gunia kwenye redio, akaongeza faida yake, akafungua mlango. Mtaa nao ulisikiliza. Hakuna aliyebishana na mwenzake.

Kisha ukaja mwaka ambao bei za hapa nyumbani zilianza kuamka. Kwanza kila mwezi, baadaye kila wiki. Watu walinung'unika na kuzoea. Mama Kibaba ndiye aliyegundua jambo jingine, nalo aligundua kwa sikio.

"Siku hizi unavuta pumzi kabla ya unga wa hapa," alimwambia mumewe.

"Kumbe unasikiliza."

"Nchi yetu imekuwa mnyama gani?"

"Bado hajasimama nikamwona vizuri," alisema, akaegemeza kichwa ukutani.

Lakini Jumamosi iliyofuata alirekodi bei za Jumatatu kama kawaida. Hakuna mtu pale kituoni aliyewaza vinginevyo. Mazoea ni kama kiatu cha zamani, huoni kimetoboka mpaka ukanyage maji.

Jumapili jioni ilitangazwa kwamba mafuta ya magari yamepanda. Mume na mke walikuwa wamekwisha lala. Simu ya Bwana Bei ilikuwa imezimwa, kwa kuwa hiyo ndiyo siku pekee aliyokuwa na ruhusa ya kuizima. Wenye maghala hawakungoja kuche. Kulipopambazuka bei ya gunia la unga ilikuwa imezidi mara mbili, na redio juu ya kabati ikasoma, kwa sauti iliyotulia, bei ya Jumamosi.

Mama Kibaba aliongeza faida yake, akafungua mlango, akakuta foleni.

Hakuwahi kuona foleni mlangoni pake. Alifurahi. Aliwatania watu, akawauliza kama leo kuna arusi ambayo yeye hakualikwa. Kinyozi alinunua unga wa mwezi. Mwanamke mmoja asiyemjua alikuja na toroli. Fundi cherehani alikuja mara mbili, na mara ya pili alikuja na foronya ya mto, kwa kuwa mifuko ilikuwa imekwisha.

"Nijazie na hii, dada, kabla hujafunga."

"Leo mna njaa ya wapi nyinyi?"

"Ah, dada, riziki haina salamu."

Kabla ya adhuhuri magunia yote kumi yalikuwa yamekwisha. Alifunga fedha ndani ya kanga, akakodi mkokoteni, akaenda ghalani akiimba puani.

Mwenye ghala, mtu mnene ambaye wote walimwita Tajiri hata pale alipokuwa hana kitu, alihesabu fedha zile mara mbili na kumtazama.

"Mama Kibaba, hizi ni za magunia manne."

"Manne? Nataka kumi. Bei ya leo naijua."

"Hiyo ya kwako ni ya Jumamosi."

"Ni ya redio. Asubuhi hii. Na aliyeisoma namjua kuliko wewe."

"Basi kanunue redioni," Tajiri alisema, na makuli waliokuwa wameketi juu ya magunia wakacheka hadi mmoja akateremka.

Hakununua siku ile. Alirudi na mkokoteni mtupu, magurudumu yake yakigongagonga kwenye mashimo. Fundi cherehani alimwona akipita, akasimama.

"Dada, mimi nilidhani unajua. Shemeji si ndiye msomaji? Nikasema labda mmeamua kutoa sadaka."

"Ndiyo," alisema Mama Kibaba. "Ilikuwa sadaka."

Bwana Bei alikuwa ameketi kitandani akivaa viatu. Mkewe alimweleza yote. Bwana Bei alimsikiliza hadi mwisho, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Mama Kibaba alikuwa ameyapanga maneno njiani, maneno makali, mengine yaliyohusu hata mama mkwe wake. Alipofungua kinywa hakuyakuta. Palikuwa na utulivu mahali pale, kama chumba kilichohamwa. Akamwambia tu kwamba kiatu kile kinahitaji kushonwa.

Tangu siku hiyo bei hazikurekodiwa tena. Bwana Bei alikwenda kituoni kukiwa bado na giza, Jumatatu na hata Jumapili, akapiga simu mwenyewe, akasoma mubashara. Zilikuwa bei sahihi. Lakini duka lilikuwa na rafu tupu na friji, na fedha ndani ya kanga zilikuwa zikinyauka. Wiki ile magunia manne yakawa matatu na ushei bila mtu kugusa noti. Kama atanunua chochote, ni sasa. Na akikosea sasa, hakutakuwa na duka tena. Wote wawili walilijua hilo, hata pale walipozungumza habari za umeme.

Jioni moja Mama Kibaba aliketi mbele yake.

"Ninunue au ningoje?"

"Mimi nasoma tu, mke wangu."

"Miaka yote hii unasoma, hujui?"

"Ninaijua jana. Jana ninaijua vizuri sana."

"Sikuulizi redio. Nakuuliza wewe."

Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo. Bwana Bei alifikiria asubuhi zote za mwaka ule, karibu zote zikiwa za kupanda. Mtu yeyote mwenye akili angeona njia inaelekea wapi.

"Nunua," alisema. "Nunua kesho. Na friji liuze, ununue kwa fedha zake pia. Chuma hakipandi kama unga."

Aliuza friji. Vijana wawili walilibeba likiwa bado na baridi ndani, likaacha alama ya mraba mweupe kwenye sakafu. Kwa fedha zake na zile za kanga alipata magunia matano. Mwenye chumba cha duka, mzee aliyependa kuketi nje na kipepeo cha kuchochea mkaa ingawa hakuwa na jiko, aliona magunia yakiingia, akaja kumwambia kwamba kodi itaongezwa. Kila kitu kinapanda, alisema, na yeye pia anakula. Ilikuwa haki. Kodi ilitakiwa mwisho wa mwezi.

Siku chache baadaye kule kwa Panzi bei zilianguka. Wafanyabiashara wa kule, waliokuwa na mzigo usio na wanunuzi, walipakia malori wakavuka mpaka. Serikali nayo ilikuwa imeogopa kelele za watu, ikafungua maghala yake siku hiyohiyo.

Asubuhi ile Mama Kibaba alikuwa dukani, redio ikiwa rafuni. Sauti ya mumewe ilifika kwenye unga. Ikavuta pumzi. Pumzi ilikuwa ndefu, ndefu mno, hata akadhani redio imeharibika, akanyoosha mkono kuipiga kofi. Kisha sauti ikasoma. Unga ulikuwa umeshuka zaidi ya nusu.

Nje watu walishangilia. Kinyozi alitoka na wembe mkononi. Fundi cherehani alipiga makofi, halafu akaona mlango wa Mama Kibaba uko wazi, akaacha mikono yake ikae pamoja.

Hakuna aliyenunua kwake kwa bei ya wiki iliyopita, naye hakumlaumu mtu. Alikwenda kwa mwenye chumba.

"Baba, uliongeza kodi kwa sababu unga umepanda."

"Kweli kabisa."

"Sasa umeshuka."

Mzee alijipepea. "Umeshuka leo, mwanangu. Kesho je? Nikipunguza, halafu upande tena, nikukimbilie wapi? Ungekuwa unapanda tu, ningejua niseme kiasi gani. Ungekuwa unashuka tu, pia ningejua. Huu wa siku hizi sijui unataka nini, basi nakaa hapa juu nausubiri."

Hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha hata kiti.

Mwisho wa mwezi kodi ilikula magunia matatu. Mwezi uliofuata, unga ukiwa umepanda tena na wateja wakiwa wamejifunza kununua kwa toroli kwa Tajiri kila anaposhusha bei, kodi ilikula yaliyobaki. Mama Kibaba alitoa rafu, akaosha sakafu, akarudisha ufunguo. Ule mraba mweupe haukutoka. Alitumia brashi na majivu, ukabaki palepale, akaona hauna dhambi, akauacha.

Kituo nacho kiliacha kutangaza bei. Mhariri, mwanamume mpole aliyependa kushika mtu bega anapompa habari mbaya, alimshika bega.

"Kaka, tukifika kwenye maharage, unga umekwisha badilika. Wasikilizaji wanapiga simu kututukana. Tumekuwa waongo na hatujasema uongo."

"Sawa," alisema Bwana Bei.

"Tutakutafutia kitu kingine. Labda matangazo ya vifo."

"Sawa."

Nyumbani, ukimwuliza Bwana Bei chai au uji, alikaa akifikiri, macho yakitafuta mahali, kama mtu anayeogopa kutoa jibu litakalomgharimu mwenzake, na mwishowe alisema, "Chochote." Mama Kibaba alimpikia chochote. Walikula wakitazamana magoti. Hakumkasirikia. Alijitafuta mara nyingi aone kama amekasirika, akapata tu uchovu, ule wa kukaa umesimama muda mrefu hata miguu haiumi tena. Kwani mumewe alikuwa amekosea nini? Alisema bei zitapanda, na zilipanda. Zilipitia chini kwanza, basi, na wao walikuwa pale chini.

Siku moja mumewe alisema, "Nitakwenda kule kwa Kobe."

"Ukasome bei?"

"Kule hazisomwi. Nani asikilize kitu kisichobadilika?"

"Utafanya nini?"

"Kazi yoyote. Mshahara wa kule ukiupata mwezi huu, mwezi ujao bado ni mshahara." Hilo lilikuwa neno refu kuliko yote aliyosema katika wiki zile. "Nitakutumia. Gunia mojamoja. Tutaanza tena."

"Na mimi?"

"Wewe ukiondoka, tutaanzia wapi?"

Alimfungia nguo, na viatu, kimojawapo kikiwa kimeshonwa. Alimsindikiza hadi kona. Fundi cherehani alitoka kumpa mkono.

"Shemeji, msalimie Kobe. Mwambie asikimbie."

"Nitamwambia," alisema Bwana Bei, akacheka kidogo kwa adabu, akaenda.

Fedha zake huja, si kila mwezi. Siku zinapofika Mama Kibaba hazilazi. Huzigeuza unga kabla ya jua kuchwa, na unga huo huufunga kwenye mifuko midogo na kuuza mlangoni pa nyumba yake, asubuhi ananunua, jioni amemaliza, kesho anaanza upya. Kilima hakipo tena juu ya kibaba. Siku hizi anapitisha kiganja. Watu wanaona, hawasemi kitu. Gunia zima halijawahi kulala ndani ya nyumba ile tangu duka lifungwe. Chumba cha duka kimekodiwa na kijana anayetengeneza simu, naye hulipa kwa wiki, kwa bei wanayokubaliana kila Ijumaa na mzee wa kipepeo.

"Utafungua lini, dada?" fundi cherehani humwuliza mara mojamoja.

"Nikijua."

"Ukijua nini?"

Mama Kibaba hufunga mfuko mwingine wa unga, naye fundi hukanyaga cherehani yake.

Bwana Bei yuko ng'ambo ya mpaka, katika kiwanda cha sabuni, anafunga maboksi zamu ya mchana. Anakaa chumba kimoja na wanaume wengine wawili, nyuma ya kituo cha mafuta. Saa kumi na mbili na robo asubuhi huwa macho, wenzake wakikoroma, naye huvuta pumzi kana kwamba zamu yake ya kusoma imefika.